Sarafu ya Ukumbusho Mfukoni: Ni Hazina au Ni Shilingi Tu?

Katika soko la Kamango fedha za nchi mbili hulala katika kibeti kimoja. Mwenye kuuza kakao yake hupokea shilingi za Uganda zilizovuka mpaka kwa njia ya Nobili. Mwenye kununua chumvi au sabuni hulipa kwa shilingi hizo hizo, au kwa faranga za Kongo, kadiri muuzaji apendavyo. Jambo hili halimshangazi mtu. Watalinga wa upande wetu na Wabwisi wa Bundibugyo husikilizana kwa lugha, na mto Lamia haujapata kuwazuia ndugu kutembeleana. Lakini iko tofauti moja ambayo watoto huiona upesi kuliko wakubwa: faranga yetu ni karatasi tupu, hali shilingi ya jirani hulia ikianguka chini. Tangu faranga ya sasa ilipoanza mwaka 1998, watoto wetu hawajapata kuona sarafu ya nchi yao wenyewe ikinunua kitu sokoni. Sarafu wazijuazo ni za Uganda.

Basi, kati ya sarafu hizo mara hutokea moja isiyofanana na ndugu zake. Ina maandishi mengine, au picha ngeni, au miaka miwili iliyoandikwa pamoja. Hapo uvumi huanza. Huyu asema kwamba Wazungu wainunua kwa bei ya mbuzi. Yule asema kwa bei ya pikipiki. Uvumi wa namna hii si mchezo, maana humfikia baba ambaye karo ya watoto watatu imemshinda, au mjane ambaye hana ila kopo la sarafu aliloachiwa na marehemu mumewe. Wako wanaotoa akiba yao yote kununua kipande cha chuma, na wako wanaouza kwa bei ya chumvi kitu ambacho kweli kina thamani. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kulieleza jambo hili kwa utaratibu, ili kila jamaa iweze kupima yenyewe.

Sarafu ya ukumbusho ni nini? Ni sarafu ambayo serikali au benki kuu ya nchi imeitoa ili watu wakumbuke jambo fulani: kupata uhuru, kutembelewa na mgeni mkubwa, kutimia kwa miaka kadhaa ya kazi fulani. Nayo ni ya namna mbili. Ya kwanza hutolewa kwa wingi, huingia sokoni pamoja na sarafu nyingine, na kununua kitu kile kile zinunuacho wenzake. Ya pili hutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu, watu wanaopenda kuweka sarafu kama wengine wanavyoweka stempu. Hii huuzwa katika kisanduku chake kwa bei kubwa kuliko namba iliyoandikwa juu yake, wala haifiki kwa muuza maandazi. Mwenye kuelewa tofauti hii amekwisha jikinga na nusu ya udanganyifu wote.

Kwanza, tazama sura na maandishi

Twakumbuka wote habari ya wale waliomjia Bwana wetu na swali la kodi. Kabla ya kuwajibu aliomba aonyeshwe sarafu, akawauliza ni ya nani sura ile na maandishi yale. Aliuliza kwa sababu nyingine kabisa, lakini hata mkusanyaji wa sarafu huanza na swali lilo hilo.

Tuanze na zile za kila siku. Katika sarafu za Uganda zilizoanza kutoka mwaka 1998, ile ya shilingi 50 ina swala, ya 100 ina ng'ombe mwenye pembe ndefu, ya 200 ina samaki, na ya 500 ina kichwa cha korongo mwenye taji, ndege wa taifa lile. Ukikuta picha hizo, huna haja ya kukosa usingizi. Ni sarafu za kawaida, ziwe za mwaka huu au za miaka 20 iliyopita.

Ya ukumbusho ambayo mtu wa Kamango aweza kuikuta kweli katika chenji yake ni ile ya shilingi 1,000 yenye mwaka 2012. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Ilipotimiza miaka 50, Benki Kuu yake ilitoa sarafu hiyo, nayo ikawa sarafu ya kwanza ya shilingi 1,000 kwa matumizi ya kila siku. Maandishi yake yenyewe yasema kwamba yakumbusha jubilei ya uhuru. Je, ni hazina? La. Ilitolewa ili itumike, ikatumika, na iliyokwaruzwa sokoni ni shilingi 1,000 tu, ambazo hazifiki theluthi moja ya dola ya Marekani. Mkusanyaji wa mbali aweza kuongeza kidogo kwa ile iliyo mpya kabisa, isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Lakini yule anayekuja kukuambia kwamba hiyo ni ng'ombe mzima, mwombe kwa adabu akuletee huyo ng'ombe kwanza.

Walakini hatusemi kwamba sarafu hiyo haina maana kwetu. Ilikuwa bado mpya mwezi wa Julai 2013, wakati waasi wa ADF waliposhambulia Kamango, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mpaka kwenda Bundibugyo, wakapokelewa Bubukwanga. Wengi wa ndugu zetu waliishi huko kwa fedha za Uganda, walizopewa au walizozipata kwa kulima mashamba ya watu. Ikiwa katika nyumba yako iko sarafu ya 2012 iliyorudi pamoja nanyi kutoka ukimbizini, basi ni ukumbusho wa mambo mawili, moja lililoandikwa na moja lisiloandikwa. Hiyo hatungemshauri mtu aiuze, hata kama angepewa mara mbili ya namba yake.

Nchi yetu nayo ilifanya jubilei yake. Tarehe 30 Juni 2010 Kongo ilitimiza miaka 50 tangu uhuru wa 1960, na Benki Kuu ya Kongo ikatoa noti ya faranga 500 ya ukumbusho, yenye tarehe hiyo. Ni jamaa ya sarafu ya Uganda, ila ni ya karatasi, na karatasi katika mifuko yetu yenye jasho na vumbi haidumu. Kwa hiyo noti hiyo ikiwa safi, isiyokunjwa wala kupasuka, yapendeza kuiweka. Ikiwa imechakaa, nunua nayo kiberiti.

Kopo la wazee

Mambo hubadilika tufikapo kwenye kopo la wazee. Watu wa mpakani wametembea sana: wengine walifanya kazi Kampala, wengine walifika mpaka Kenya na Tanzania, nao walirudi na vipande vya fedha ambavyo havikutumika tena. Humo ndimo sarafu za ukumbusho zenye umri huonekana.

Kenya, kwa mfano, ilitoa mwaka 1973 sarafu ya shilingi 5 yenye pande tisa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta, kukumbuka miaka 10 ya uhuru. Na mwaka 2003 ikatoa sarafu ya shilingi 40 yenye sura ya Rais Mwai Kibaki, kwa miaka 40 ya uhuru. Namba hii ya 40 ndiyo inayoifichua, kwa kuwa hakuna sarafu ya kawaida yenye namba kama hiyo. Tanzania ilikuwa na shilingi 5 za mwaka 1971 zenye pande kumi, kwa miaka 10 ya uhuru, na shilingi 20 za mwaka 1981 kwa miaka 20. Zote mbili zina sura ya Mwalimu Nyerere. Uganda yenyewe ilitoa mwaka 1968 shilingi 5 zenye ng'ombe na ndama wake na herufi F.A.O., yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Shirika hilo liliziomba nchi nyingi wakati ule zitoe sarafu za kuhimiza kilimo, kwa hiyo yeyote aonaye herufi hizo tatu ajue kwamba ameshika ukumbusho. Usijaribu kuilipia kitu, maana mwaka 1987 Uganda ilibadili fedha zake, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na zile za kale zikabaki kuwa kumbukumbu tu.

Sisi Wakatoliki tunayo moja ambayo yatuhusu zaidi. Tarehe 31 Julai 1969 Papa Paulo VI alifika Uganda, akiwa Papa wa kwanza kuikanyaga Afrika katika zamani zetu hizi. Alikuja kuwaheshimu Mashahidi wa Uganda, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewatangaza Watakatifu huko Roma tarehe 18 Oktoba 1964. Kwa ziara hiyo Uganda ilitoa sarafu za dhahabu, na nyingine za fedha iliyo karibu kuwa safi kabisa: za shilingi 2, 5, 10, 20, 25 na 30. Zilipangwa kwa hesabu nzuri ambayo mwanafunzi yeyote aweza kuikumbuka, yaani gramu 2 kwa kila shilingi. Ya shilingi 2 ina gramu 4, ya 5 ina gramu 10, hadi ile ya 30 yenye gramu 60, ambayo ni nzito mkononi kuliko inavyodhaniwa. Hizi ni za namna ya pili, za wakusanyaji, hazikuzunguka sokoni. Lakini ziliuzwa, na nyingine zilitolewa zawadi. Si ajabu moja ikalala katika kabati ya nyumba ambayo mzee wake alikuwa katekista, na watoto wakaichezea.

Ziko pia sarafu za Kongo zenye sura ya Papa. Mtakatifu Yohane Paulo II alitutembelea mara mbili, mwezi wa Mei 1980 na mwezi wa Agosti 1985, na katika safari ile ya pili alimtangaza Anuarite Nengapeta kuwa Mwenye Heri, mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti. Sarafu za faranga 1 zenye picha yake zilitoka kwa jina la nchi yetu zikiwa na mwaka 2004. Msomaji asishangae kwamba hajaziona. Zilitengenezwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo, si za fedha, wala faranga 1 haikuweza kununua hata pipi. Ni kitu cha kupendeza kwa Mkristo, wala si mali kubwa.

Hapa inatupasa kusema neno juu ya medali, kwa kuwa makosa huwa mengi. Medali ya Bikira Maria, ile iitwayo Medali ya Miujiza, mara nyingi ina mwaka 1830, kwa sababu ndio mwaka ambao Bikira Maria alimtokea Mtakatifu Katarina Labouré huko Paris. Mwanafunzi akiiokota aweza kudhani ameokota sarafu ya karibu miaka 200. Sivyo. Mwaka huo huchorwa hata juu ya medali iliyotoka kiwandani mwaka jana, na nyingi ni za aluminiamu. Alama ya kuzitenganisha ni rahisi: sarafu ina jina la nchi au benki iliyoitoa, na ina namba ya thamani, medali haina namba, na kwa kawaida ina kitundu au kipete cha kupitishia uzi. Tena kitu kilichobarikiwa hakiuzwi kwa ajili ya baraka yake.

Thamani hutoka wapi?

Wengi husema, "Ni ya kale, basi ni ghali." Usemi huu umewatia hasara watu wengi. Umri peke yake hauleti bei. Iko sarafu ya Kongo ya wakati wa Wabelgiji, ya faranga 2, ya mwaka 1943, yenye pande sita na picha ya tembo. Ni ya shaba ya manjano, ni nzuri sana kuitazama, na yakaribia miaka 100. Lakini ziligongwa milioni 25 huko Philadelphia, Marekani, wakati wa vita, na kwa sababu hiyo zapatikana bado bila shida.

Mambo ya kuuliza ni haya: ziligongwa ngapi, imetunzwa namna gani, ni ya madini gani, na yuko nani anayeitafuta. La kwanza na la mwisho huwezi kuyajua ukiwa umekaa Kamango. Yataka kitabu cha bei za sarafu au mtu mwenye kitabu hicho. Siku hizi simu ya mkononi yaweza kusaidia, mradi usitazame bei ambayo wauzaji waiomba, maana mtu aweza kuomba hata mwezi wa mbinguni. Tazama bei ambayo sarafu imekwisha uzwa kweli.

Madini waweza kuyapima mwenyewe kiasi. Lugha yetu yenyewe yatutega hapa, kwa kuwa twaita "fedha" kila kitu cha kununulia, na twaita "fedha" pia madini yale meupe ya thamani. Tapeli huyachanganya makusudi. Sarafu nyingi za leo ni chuma kilichopakwa nikeli: zing'aapo hufanana na fedha, lakini sumaku huzishika. Toa sumaku ndogo katika redio iliyokufa, uikaribishe. Sarafu ikirukia sumaku, si ya fedha, na mazungumzo yamekwisha. Isiporukia, bado huna hakika, maana shaba iliyochanganywa na nikeli nayo haishikwi. Hapo yafaa mizani ya sonara.

Ukishajua uzito, hesabu ni ya darasa la sita. Shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye simba, iliyogongwa tangu 1921 hadi 1946, ilikuwa na robo moja tu ya madini ya fedha. Uzito wake ni karibu gramu 7.8, kwa hiyo fedha safi humo haifiki gramu 2. Sarafu ya Kongo ya faranga 50 ya mwaka 1944, yenye tembo, ni gramu 17.5, na nusu yake ni fedha. Yaani gramu 8.75. Hizi mbili si za ukumbusho, lakini hulala katika kopo lile lile, na ndizo watu huzileta mara nyingi. Zidisha gramu za fedha safi kwa bei ya gramu moja siku ile. Jibu utakalopata ni sakafu ya nyumba: usiuze chini yake. Juu ya sakafu hiyo mkusanyaji aweza kuongeza, ikiwa sarafu ni chache na imetunzwa vema.

Kuhusu kutunza, twasema kwa nguvu: msisugue. Mama zetu husugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka zing'ae, na mtoto mwema akitaka kumpendeza mgeni huifanyia sarafu vile vile, au huitia katika maji ya ndimu. Ndani ya dakika tano huondoa kile ambacho mkusanyaji angelipia. Weusi ulioifunika sarafu ya fedha kwa miaka 50 wampendeza mkusanyaji, mikwaruzo haimpendezi. Hali kadhalika sarafu iliyotobolewa ili mtoto aivae shingoni imebaki na bei ya madini yake tu.

Juu ya matapeli hatutasema mengi, maana hila yao ni moja yenye nguo nyingi. Wa kwanza huja na sarafu au rupia, asema ni ya Wajerumani, ina nguvu, huvuta punje za mchele. Hana haraka; ataka tu kuiweka rehani. Siku ya pili huja mwingine, amevaa vizuri, atafuta sarafu ya namna hiyo hiyo kwa bei ya kutisha. Mwenye nyumba hukimbia kukopa ili ainunue kwa yule wa kwanza. Wa pili haonekani tena. Na sarafu ikivuta punje, fahamu kwamba iko hila katika punje. Madini ya fedha hayavuti mchele, wala dhahabu.

Lakini tusiwatazame matapeli peke yao. Tuseme kwamba mwanafunzi aliyesoma ukurasa huu aenda kwa mama mzee jirani, naye amwonyesha kopo lake. Ndani amo Papa Paulo VI, ile ya shilingi 30. Mama mzee asema, "Mwanangu, hizi ni takataka, nipe shilingi 2,000 ya sukari, uchukue zote." Mwanafunzi ajua kwamba mkononi mwake zimo gramu 60 za fedha. Afanye nini? Hakumwambia uongo, bei imetajwa na mwenye mali mwenyewe. Wengi watasema kwamba hiyo ni bahati yake. Sisi twasema kwamba amri ya saba haimkatazi tu mwenye kuvunja mlango. Anayejua amwambie asiyejua, kisha wapatane. Na ikiwa mama mzee ataka kumpa sehemu kwa shukrani, aipokee kwa mikono miwili. Katika Injili yumo mwanamke aliyepoteza sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa na kufagia nyumba yote. Haisemwi kwamba jirani aliiona kwanza akanyamaza.

Sarafu ngeni huanguka pia katika kapu la sadaka. Yafaa wanaohesabu waitenge, wamwonyeshe Padri kabla haijaenda benki au dukani, kwa kuwa ni mali ya parokia, si ya aliyeihesabu.

Mwenye kupata sarafu ya kuweka, aishike kwa ukingo, asiguse uso wake kwa vidole vyenye jasho. Aifunge peke yake katika karatasi nyeupe iliyo kavu, si pamoja na nyingine zikagongana, wala si katika mfuko wa plastiki laini ambao baadaye huitia utelezi wa kijani. Juu ya karatasi aandike kwa kalamu ya risasi: nchi, namba, mwaka, uzito ikiwa umepimwa, na jina la mzee aliyeileta nyumbani, pamoja na mahali alipoipata. Mistari hiyo miwili ya mwisho haiongezi bei yoyote kwa mnunuzi wa Ulaya, lakini wajukuu ndio watakaoisoma kwanza.